Siku Bi Samiha Alipofuta Wanja

Widad alirudi nyumbani saa nne asubuhi, saa ambayo mwanafunzi wa darasa la saba hana ruhusa ya kuonekana mtaani, begi mgongoni na barua mkononi. Bibi yake, Bi Samiha, alikuwa uani kwao Tandika, amekaa mkekani anasaga wanja juu ya jiwe lake zito jeusi. Alinyoosha mkono uliojaa vumbi jeusi, akaipokea barua, akaisoma mpaka mwisho bila miwani. Miwani hajawahi kuvaa, na anapenda watu wajue.

Barua ilisema mwanafunzi Widad Matar ana ugonjwa wa macho mekundu, ugonjwa huo unaambukiza, na kwa hiyo akae nyumbani mpaka apone kabisa. Chini palikuwa na muhuri na sahihi ya mwalimu mkuu, Mwalimu Elibariki.

"Kabisa!" Bi Samiha alisema. "Mtihani wa taifa umebaki wiki tano, yeye ananiambia kabisa. Kakupima na nini?"

"Kaniangalia tu, Bibi. Kasema nisimsogelee."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya darasa zima."

Tuseme ukweli, Bi Samiha si mtu wa kuhitaji sababu kubwa ili akasirike. Amewahi kugombana na mwenye mashine ya kusaga nafaka kwa sababu mashine inapiga kelele. Lakini siku hiyo sababu alikuwa nayo, na kubwa. Mjukuu wake alikuwa amefukuzwa mahali kwa mara nyingine tena, na safari hii hata si kwa ajili ya ngozi.

Maana ngozi ndiyo iliyomtesa Widad tangu ana miezi mitatu. Pumu ya ngozi, waliiita hospitali. Usiku alivalishwa soksi mikononi asijikune, na asubuhi shuka lilikuwa na damu hivyo hivyo. Walimpaka mafuta ya nazi, ya nyonyo, shubiri, na kila marhamu iliyouzwa Tandika na Kariakoo. Januari kwenye joto lile la Dar alivaa mikono mirefu mpaka kwenye viganja, na shuleni walimwita Magamba. Akiwa na miaka kumi alikuwa amezoea kuitika jina hilo, na hicho ndicho kilichomwuma Bi Samiha kuliko damu ya shuka.

Ndipo mwaka huu mjomba wake Khalfani, aliyeko Maskati, akaanza kutuma sindano. Daktari wa ngozi wa mjini ndiye aliyeiandika: sindano moja kila baada ya wiki mbili, ikae kwenye friji muda wote. Rukaiya, mama yake Widad na binti wa Bi Samiha, alifundishwa na muuguzi namna ya kumchoma. Mlango wa friji yao haukuwa unafunga vizuri, basi Rukaiya akaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Bi Samiha aliipinga dawa ile tangu siku ya kwanza. Aliuliza ni dawa gani hiyo inayolala na samaki, akasema iko siku italeta balaa, akaapa kwamba yeye mkono wake hautaigusa.

Sindano ikafanya kazi. Mwezi wa tatu wa kuchomwa viwiko vya Widad vililainika, wa nne alikunja mikono ya shati na kulizunguka soko zima bila kununua kitu. Bi Samiha alisema Alhamdulillah, kwa sauti ndogo, Rukaiya asimsikie.

Mwezi wa tano yakaja macho. Yalianza kwa kuwasha, yakawa mekundu, yakatoa machozi, na asubuhi kope zikawa zinashikana. Hapo Bi Samiha hakumwuliza mtu. Macho ni mambo yake. Wanja wake wa manga unajulikana kutoka Tandika hadi Chanika. Jiwe analetewa na mahujaji, analitwanga, analisaga siku saba, analichunga kwa kitambaa cha melimeli. Mabibi harusi wanapakwa huo, watoto wachanga wanapakwa huo. Yeye mwenyewe anaupaka kila siku tangu ana miaka kumi na miwili. Marehemu mumewe aliishi naye miaka thelathini na moja bila kuyaona macho yake matupu. Mara moja tu katika umri wake wote aliyaacha hivyo, miezi minne na siku kumi za eda ya mumewe huyo, na wakati huo alikuwa ndani.

Basi kwa wiki tatu alimpaka Widad wanja, asubuhi na baada ya magharibi, na mtoto alitulia kimya kama mtu anayesukwa nywele.

Rukaiya alirudi jioni kutoka kwenye kibanda chake cha kushona, akaisoma barua ya shule amesimama. Halafu akaenda kwenye boksi la sindano, akatoa ile karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi, akaisoma kwa msaada wa simu. Alipomaliza alikaa chini.

"Mama, ulisema," alimwambia Bi Samiha. "Imeandikwa humu. Macho kuvimba, macho kuwa mekundu. Ni sindano."

Bi Samiha alikuwa na neno moja alilolitunza tangu sindano ya kwanza. Nilisema. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Tunaacha," Rukaiya aliendelea. "Zamu ya Jumapili ya wiki ijayo hachomwi. Macho yatapona, atarudi shule, atafanya mtihani. Mambo mengine baadaye."

Widad aliinuka, akaenda kuegemea friji kwa mgongo.

"Sindano yangu haiguswi."

"Widad!"

"Haiguswi, Mama." Alikunja mkono wa gauni mpaka begani, akaunyoosha mbele yao. "Nani anataka ile ngozi irudi? Aseme. Mtihani nitaufanyaje na vidole vinavuja maji? Darasa la nne niliandika na damu ikaingia kwenye karatasi, mmesahau? Mie sijasahau. Bora haya macho."

"Yanauma?" Bi Samiha aliuliza.

Widad alishusha mkono wa gauni.

"Yanauma, Bibi. Ni kama yana mchanga. Na ukinipaka wanja yanauma zaidi."

"Mbona hukusema?"

"Nilijua ukisikia wanja wako umeshindwa, utasema ni sindano."

Bi Samiha alihisi uso unamwaka moto. Wiki tatu nzima mtoto amekaa chini ya mkono wake akiumia, akanyamaza, kwa sababu alimjua bibi yake vizuri. Lile neno lake alilolitunza lilirudi tumboni, na halikumpendeza huko lilikorudi.

"Kesho tunakwenda kwa daktari wa macho," alisema hatimaye. "Mpaka hapo, sindano asiiguse mtu. Na wanja wangu asiuseme mtu."

Asubuhi alijipaka wanja mzito kuliko kawaida, akatia kichupa chake mkobani. Hakwenda kule kusikiliza. Alikwenda kushinda.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo, Dokta Felicitas, mzaliwa wa Songea, mwenye sauti ya taratibu. Alimwamkia Bi Samiha shikamoo kwa kuinama kidogo, jambo lililompunguzia Bi Samiha nusu ya maneno aliyokuwa ameyapanga. Aliuliza mtoto anatumia dawa gani. Rukaiya akaeleza sindano, tangu lini, kila baada ya siku ngapi.

"Na machoni mnaweka nini?"

Rukaiya alitazama chini. Bi Samiha alifungua mkoba, akakiweka kichupa mezani kwa kishindo.

"Hiki. Wanja wa manga, nautengeneza mwenyewe. Naupaka miaka sitini na mitatu sasa, binti yangu, na hiyo karatasi yako ya ukutani naisoma kutoka hapa mpaka mstari wa chini."

"Hongera, Bibi," daktari alisema, na hakuwa anatania. "Hebu tumwone mtoto."

Widad aliweka kidevu kwenye mashine yenye taa, jicho lake likatokea kwenye kioo cha kompyuta, kubwa kama sahani. Daktari aliinua kope kwa ncha ya pamba. Ndani yake nyama ilikuwa nyekundu, imevimba, yenye vipele vidogo vidogo. Na kila palipokuwa na kunyanzi palikuwa na punje nyeusi. Zilikuwa nyingi. Nyingine zilinata juu ya weupe wa jicho, na kila Widad alipopepesa, zilisogea.

"Zile nini?" Bi Samiha aliuliza, ingawa alikuwa amekwisha kuzijua. Mtu hakosi kuijua kazi ya mikono yake.

Daktari alisogeza kisahani. Alizitoa kwa pamba yenye maji, moja moja, akaiweka pamba kwenye kisahani karibu na kile kichupa. Kisha akaeleza. Sindano ile inatuliza ngozi, lakini baadhi ya wanaoitumia, watoto wakiwemo, macho yao yanawaka hivi. Hata wenye ngozi ya namna hii bila sindano macho huwasumbua. Linajulikana jambo hilo na lina matibabu. Haliambukizi. Mtoto apewe matone ya kulainisha macho, na dawa ya kupaka kwenye kope kwa muda atakaomwelekeza, arudi baada ya wiki mbili aangaliwe. Akianza kuona ukungu au mwanga ukimchoma, waje siku hiyo hiyo.

"Na sindano?" Widad aliuliza bila kutoa kidevu kwenye mashine.

Dokta Felicitas alimpigia simu daktari wa ngozi pale pale, wakazungumza.

"Inaendelea. Tutakuangalia sote wawili, mie na yeye. Ila Bibi, wanja basi. Punje zinamkwaruza, na mengi ya mawe haya yana madini ya risasi. La kwako sijalipima, siwezi kulisema. Lakini mtoto wangu mie nisingempaka."

"Nimewapaka watu maelfu!"

"Najua, Bibi."

Bi Samiha alibishana chumbani, akabishana kwenye korido, akambishia mlinzi ambaye hakumwuliza kitu. Ndani ya bajaji akanyamaza. Alikuwa anaona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima atazame magoti yake. Widad alikuwa ameshika chupa ya matone kwa mikono miwili. Ukimtazama uso, ungesema aliyeshinda ni yeye.

Jumatatu walikwenda shule na barua ya daktari. Mwalimu Elibariki aliisoma amesimama nyuma ya meza, akaipitishia kidole.

"Barua nzuri, Mama. Mie siikatai. Lakini ishu ni wazazi. Wakisikia macho mekundu yameingia darasa la saba, hapa hapatakalika. Jumamosi tuna mkutano wa mtihani, tutaliweka mezani."

"Daktari kasema haliambukizi, wewe unapiga kura?" Bi Samiha aliuliza.

"Mama, nielewe."

Bi Samiha alimwelewa, na ndiyo maana alimwambia mambo ambayo hapa hayataandikwa. Nyumbani Rukaiya alikuwa ameshakata shauri. Hakulipenda, lakini alikuwa na mtoto mmoja na mtihani mmoja.

"Mkutano ukimkataa, Jumapili sindano haipo," alisema, na machozi yalikuwa yanamlenga. "Macho yakiwa meupe watampokea. Sina njia nyingine, Mama."

Widad wiki ile alisomea mlangoni, mwanga ulipo, akitia matone yake kwa saa, mikono ya gauni ameikunja mpaka begani makusudi kila mama yake alipopita. Wekundu ulipungua kidogo, lakini haukwisha. Ungehitaji wiki kadhaa, na Jumamosi haikuwa wiki kadhaa.

Jumamosi asubuhi Bi Samiha alichukua sabuni, maji ya moto na kitambaa, akaingia bafuni. Alikaa humo hadi Rukaiya akagonga mlango. Alipotoka, Rukaiya alirudi nyuma hatua moja. Macho ya mama yake yalikuwa madogo, ya rangi ya chai, yenye kope chache za kijivu. Yalikuwa macho ya mtu mwingine.

"Usinitolee macho," Bi Samiha alisema. "Vaa viatu."

Wazazi walikuwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Bi Samiha alipoingia na Widad, minong'ono ilipita safu kwa safu. Mama mmoja wa mtaani kwao alimshika mkono kwa huzuni.

"Bi Samiha, pole jamani. Nani katutoka?"

"Bado," Bi Samiha alimjibu. "Tusubiri mkutano uishe."

Suala la Widad lilipofika, alisimama baba mmoja, fundi simu wa sokoni, ambaye binti yake, Noela, alikaa dawati moja na Widad. Hakuwa mtu mbaya. Alisema anamhurumia mtoto, lakini yeye barua haimtoshi, barua siku hizi zinapatikana, na Noela akipata macho wiki ya mtihani nani atamlipa mwaka wake? Watu waliguna kwa kukubali. Mwalimu Elibariki alianza kusema, "Basi, kwa busara ya mkutano..."

"Ngoja," Bi Samiha alisema, akasimama.

Alimshika Widad bega, wakaenda mbele mpaka ubaoni.

"Mnanijua. Na mnajua huwa sitoki hivi. Mmoja kaniuliza nani kafa. Hajafa mtu. Nimefuta wanja ili leo muyaone macho yangu, yasiwe na pa kujificha." Alivuta pumzi. "Sindano ya mtoto huyu ndiyo imeyawasha macho yake. Sindano hiyo hiyo imempa ngozi, na wanenu ndio waliomwita Magamba miaka sita, msijifanye hamjui. Yakawa mekundu kidogo. Halafu nikaja mie na wanja wangu, nikayaharibu zaidi. Nimeona kwa macho yangu punje zangu zimemjaa ndani ya kope. Mie. Si ugonjwa, si uchafu. Kwa hiyo wenye vichupa vyangu majumbani, na humu mpo wengi, mvitupe leo. Na asinijie mtu kuniagiza vingine."

Biashara ya wanja ya miaka arobaini mwanamke alikuwa ameimwaga pale mbele yao.

Aligeuka kwa Widad, akashika ncha ya ushungi wake mweupe, akamfuta jicho la kulia, taratibu, mpaka ncha ikalowa. Akaifikicha ncha ile kwenye jicho lake mwenyewe. Akamfuta la kushoto, akafanya vile vile. Mama mmoja alipiga yowe. Rukaiya, nyuma kabisa, alifunika mdomo.

"Haya," Bi Samiha alisema, macho yamelowa machozi ya mjukuu wake. "Kuanzia Jumatatu Widad anaingia darasani, na mie nakaa kwenye benchi la ofisi kila asubuhi, siku kumi. Mwalimu, wewe utayaangalia macho yangu kila siku. Yakiwa mekundu, namchukua mtoto wangu na sitatia mguu hapa tena. Yasipokuwa, siku ya kumi utasimama mstarini, mbele ya watoto wote kama ulivyomfukuza mbele ya wote, useme ulikosea."

Mwalimu Elibariki alitazama wazazi. Wazazi walitazama dari. Yule fundi simu ndiye aliyesema kwanza.

"Mie hapo sina la kusema. Aingie."

Bi Samiha alikaa siku zote kumi. Alikuja na thermosi ya chai, akakosoa namna kengele inavyopigwa, akawaambia walimu wawili kwamba sketi zao hazijapigwa pasi. Kila asubuhi Mwalimu Elibariki aliinama kidogo na kumtazama usoni, na kila asubuhi macho yale madogo ya rangi ya chai yalimtazama yeye bila kupepesa. Hayakuwa mekundu hata siku moja. Ya Widad nayo yalikuwa yanatulia polepole, na Noela alikuwa amerudisha begi lake kwenye dawati lao tangu siku ya tatu bila kumwuliza baba yake.

Siku ya kumi, mstarini, mwalimu mkuu alisema alikosea. Alilisema haraka, katikati ya tangazo la usafi wa mazingira.

"Sijasikia," Bi Samiha alisema kutoka benchini. "Na darasa la kwanza kule nyuma nao hawajasikia."

Mwalimu Elibariki alikohoa, akarudia. Safari hii walisikia mpaka wauza maandazi wa getini. Widad alikuwa safu ya pili, mikono ya shati imekunjwa, kidevu juu, na hakutabasamu hata kidogo mpaka alipofika darasani.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya sindano tena. Rukaiya alitoka bafuni akakuta boksi liko wazi mezani na mama yake amekaa, kiganja amekifumba juu ya paja.

"Mama! Umeigusa?"

"Inatakiwa ikae nje nusu saa kabla ya kuchomwa, kwani hukusoma ile karatasi?" Bi Samiha alisema. "Ilikuwa ya baridi. Widad, njoo ukae hapa, na usinitazame hivyo."

Widad alikaa karibu naye. Kile kipande cha mpira wa baiskeli kilikuwa kimetupwa. Kwenye mlango wa friji, kuubana usifunguke, palikuwa pameegemezwa jiwe zito jeusi la kusagia wanja, limeoshwa, likiwa kavu.